"Application of" au "application for"? Kuchagua kihusishi baada ya nomino ya Kiingereza

Barua nyingi za kuomba kazi ninazoletewa nizihariri huwa zimeshakosea kwenye kichwa. Mwenyewe kaweka herufi kubwa, kapiga na mstari chini: "RE: APPLICATION OF EMPLOYMENT". Kichwani mwake ni maombi ya kazi, na Kiswahili chake hakina kasoro. Shida ni kwamba "application of" hupeleka mawazo kwenye kupaka au kutumia kitu. "Application of fertilizer" ni kuweka mbolea shambani. Kazi huombwa kwa "application for".

Mzizi wa kosa hili ni ile -a unganifu yetu, ambayo haichoki: sababu ya, jibu la, chanzo cha, mahitaji ya, ufunguo wa. Tukivuka kwenda Kiingereza tunaigeuza yote kuwa "of". Kuna siku tunapatia, maana "cause of", "lack of" na "shortage of" ni sahihi. Siku nyingine tunaangukia pua.

Hatua ya 1: Anza na nomino

Usijiulize "kwa" au "ya" ni nini kwa Kiingereza. Tazama nomino iliyotangulia, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayochagua. Jambo hili si geni kwetu: tunasema jibu la na chanzo cha kwa sababu nomino ya mbele imeshaamua, na hata mtoto hasemi "jibu cha". Basi kwenye daftari lako usiandike "solution" peke yake. Andika "solution to", uikariri kama neno moja, vilevile unavyoijua nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake.

Hatua ya 2: Uliza uhusiano wenyewe ni upi

Ukisema shambulio la simba, simba kashambulia au kashambuliwa? Kiswahili kinakuachia muktadha uamue. Kiingereza kinataka useme: "an attack by a lion" ni simba aliyevamia, "an attack on a lion" ni simba aliyevamiwa. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika "of", simama kidogo.

Kitu kinachotakiwa au kutafutwa mara nyingi huchukua "for": "request for", "demand for", "need for", "search for". "Reason for" nayo iweke humu, ingawa haifanani sana na wenzake. Kinachopata athari huchukua "on": "effect on", "impact on", "influence on", "ban on", "tax on". Kinachofikiwa au kufunguliwa huchukua "to": "answer to", "solution to", "key to", "access to", "visit to". Mkaidi hapa ni "damage". Ungemtegemea akae na "on", lakini yeye ni "damage to the road". Mkariri hivyo hivyo.

Kwenye kupanda na kushuka ndiko wengi wanakojikwaa. "In" hutaja kilichobadilika, "of" hutaja kiasi. Nauli ikipanda kwa shilingi 100, ni "an increase in the fare", na pia ni "an increase of 100 shillings". Ukitaka vyote kwa pamoja: "an increase of 100 shillings in the fare".

Hatua ya 3: Hakikisha hilo neno ni nomino kweli

Hapa ndipo kalamu yangu nyekundu inapokwisha wino. Maneno kama "request", "demand", "answer", "lack", "visit" na "access" ni nomino na pia ni vitenzi. Yakiwa nomino yanataka kihusishi. Yakiwa vitenzi vyenye yambwa, hayakitaki. Ndiyo maana "we request for your support" ni kosa, lakini "our request for your support" iko sawa. Ni "the village lacks water", kisha "the lack of water in the village". "Discuss about" imezoeleka mno maofisini hadi inasikika kama sahihi. Kitenzi ni "discuss the budget", nomino ndiyo inayosema "a discussion about the budget".

Kipimo changu ni chepesi: je, neno hilo lina "a", "the" au "our" mbele yake? Likiwa nalo, ni nomino, liwekee kihusishi chake.

Hatua ya 4: Kikifuata kitenzi

Baada ya kihusishi, kitenzi huvaa "-ing": "the reason for leaving", "interest in learning". Mtego ni "to", kwa sababu ziko mbili. Jaribu kuweka nomino mahali pa kitenzi. "The key to success" inakubali, basi hiyo "to" ni kihusishi, na utaandika "the key to passing the exam". "The decision to success" haina maana, basi ni "the decision to leave", bila "-ing".

Hatua ya 5: Hakiki

Fungua kamusi ya wanafunzi, kwa mfano Oxford Learner's Dictionaries, ambayo ni bure mtandaoni, usome mifano ya sentensi badala ya maana tu. Ukibaki na shaka, nenda Google Books Ngram Viewer uandike "reason for, reason of". Utaona mistari miwili ya matumizi vitabuni. Usishangae mstari wa pili kutofika sifuri: "by reason of" ni lugha ya wanasheria. Vivyo hivyo "solution of" ipo kwenye kemia, kwa maana ya mmumunyo.

Wapo pia walioogopeshwa na "of" hadi wanaikimbia. Ripoti za miradi zimejaa "knowledge on" na "awareness on", ilhali zote mbili zinataka "of".

Sentensi hii nimeitunga kwa makosa ninayokutana nayo kila wiki. Isahihishe kabla ya kutazama chini:

"The training improved farmers' knowledge on the effects of drought to crops and the reason of the increase of food prices."

Na hii ndiyo iliyonyooshwa:

"The training improved farmers' knowledge of the effects of drought on crops and the reason for the increase in food prices."