Jinsi ya kuipata chipsi ya tortilla utakayoipenda

Hapa Houston napika vyakula vya shughuli, harusi na maulidi, na penye kachumbari siku hizi haikosekani bakuli la chipsi za tortilla. Kwa asiyezijua, si chipsi za viazi. Ni mkate wa mahindi wa Kimeksiko, mwembamba mithili ya chapati, unaokatwa pembetatu na kukaangwa mpaka ukauke. Dukani zimejaa rafu nzima, na ukichagua kwa kuangalia rangi ya pakiti utaambulia chumvi tupu. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Geuza pakiti

Marekani viungo huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Tafuta orodha fupi: mahindi, mafuta, chumvi. Chipsi za chapa ya Tostitos, zile za kawaida, ziko hivyo.

Kuna neno moja linalowachanganya wengi wetu: "lime". Penye picha ya tunda, hiyo ni ndimu. Lakini pakiti isiyo na ladha ya ziada ikiandikwa "trace of lime", hiyo ni chokaa, na usiirudishe rafuni kwa kuogopa. Tortilla huanzia kwenye chokaa. Mahindi huchemshwa katika maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, ganda likalainika na kubambuka, ndipo yakasagwa yangali na maji. Watu wa Meksiko wanafanya hivi tangu kale sana, na chokaa hiyo ndiyo inayoufanya mwili uweze kuitumia vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi. Harufu nayo inatoka hapo hapo. Kaanga unga wa sembe utakavyo, hutaisikia.

Hatua ya 2: Nunua tatu, zote za chumvi tu

Nyembamba moja, nene moja, na moja ya mahindi ya njano ikiwa hizo mbili ni za meupe. Jibini na pilipili ziache kwanza, zinaficha mahindi. Zile za chapa ya Siete za unga wa muhogo na mafuta ya parachichi nazipenda, maana nimekulia krispi za muhogo za Mombasa, ila zionje siku yake.

Usikatae pakiti kwa sababu ya vipande vilivyopinda. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Rebecca Webb Carranza alikuwa na kiwanda cha tortilla Los Angeles. Zilizotoka mashineni na kasoro alizikata pembetatu, akazikaanga, na baadaye akaziuza senti 10 mfuko.

Hatua ya 3: Onja kavu

Hapa usiharakishe. Fungua, ingiza pua. Usikie mahindi kabla ya mafuta. Niliwahi kununua pakiti dukani mtaani kwangu, tarehe haijapita, lakini ilinuka mafuta yaliyokaa. Harufu hiyo haifichwi na mchuzi wowote.

Inua moja kwenye mwanga. Viputo vidogo usoni vinaonyesha mvuke ulivyotoka wakati wa kukaangwa, na hapo ndipo wepesi ulipo. Ivunje karibu na sikio: ikatike mara moja, isipinde. Tafuna taratibu. Nzuri inaanza na chumvi, kisha utamu wa mahindi unakuja nyuma na kubaki. Kunywa maji, nenda ya pili.

Hatua ya 4: Chota

Chuja kachumbari, chota, hesabu mpaka kumi. Ikilegea kabla ya kumi, ya kachumbari siyo hiyo. Nyembamba zinafaa kwa parachichi iliyopondwa laini. Maharagwe ya nazi yaliyokauka mchuzi yanataka nene, au zile zenye umbo la kikombe.

Hatua ya 5: Rudi kesho yake

Kunja mdomo wa pakiti, bana kwa kibanio cha nguo, onja tena usiku wa pili. Unayoifuata mwenyewe jikoni bila kuwa na njaa ndiyo yako. Ikiwa imelegea, itandaze kwenye trei, oveni nyuzi 350 za Fahrenheit, dakika tano. Isiungue. Iache ipoe kabisa kabla ya kuihukumu, kwa kuwa ukavu wake hurudi ikipoa.