Kutabiri Zamu za Timu Yako kwenye Drafti ya NFL, Ukiwa Arusha au Moshi

Ukitaka kujua timu yako itamchukua nani kwenye drafti ya NFL, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi ya futiboli ya Marekani huchagua wachezaji kutoka vyuo, anza na timu. Mchezaji atafuata. Mashabiki wengi wa hapa kwetu hufanya kinyume: wanafungua orodha ya nyota 100 wa vyuo, wanahesabu kushuka hadi zamu ya timu yao, kisha wanaandika jina walilolikuta hapo. Ni kazi ya dakika tano na hukosea karibu kila mwaka, kwa sababu orodha ile si ya timu yoyote. Waliowahi kufuatilia mnada wa kahawa Moshi wataelewa upesi. Sampuli ni zile zile na madaraja ni yale yale, lakini mnunuzi mmoja anatafuta AA na mwenzake amekuja kwa ajili ya PB. Ukijua daraja la kahawa bado hujajua nani ataondoka nayo.

Kwa aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, tofauti kubwa ni kwamba chuo hakilipwi ada ya uhamisho na mchezaji hachagui aende wapi. Timu 32 zinapokezana kuchagua kwa raundi 7. Timu 18 zilizokosa hatua ya mtoano hupata zamu ya 1 hadi ya 18, na iliyofanya vibaya zaidi inatangulia. Zikilingana, hutangulia ile iliyokutana na wapinzani dhaifu zaidi. Zamu ya 19 hadi ya 32 hupangwa kwa hatua ambayo timu ilitolewa, na bingwa hufunga orodha.

Kabla ya yote, hakikisha timu yako ina zamu. Zamu huuzwa na kubadilishwa kama mali nyingine. Agosti 2025 Green Bay Packers walimchukua Micah Parsons kutoka Dallas, wakatoa Kenny Clark pamoja na zamu zao za raundi ya kwanza za 2026 na 2027. Shabiki wa Packers aliyekesha akitafuta jina la raundi ya kwanza ya 2026 alikuwa anapoteza usiku wake. Kuna pia zamu za fidia, ambazo hupewa timu zilizopoteza wachezaji huru (waliomaliza mikataba) wengi au wazuri kuliko zilizowasajili. Hizi huwekwa mwishoni mwa raundi ya 3 hadi ya 7, na timu moja haipati zaidi ya 4. Ukizisahau, hesabu yako yote ya raundi za kati itateleza.

Ukurasa wa mikataba

Nunua kauntabuku. Tenga kurasa mbili zinazotazamana kwa timu moja na uchore safu tano: nafasi, jina, umri, mwaka mkataba unapoisha, afya. Kikosi cha msimu kina wachezaji 53, ila huna haja ya kuwaandika wote. Andika wanaoanza na mbadala wao wa kwanza, jumla 40 hivi.

Safu ya nne ndiyo yenye utabiri. Mchezaji aliyedraftiwa husaini miaka minne, kwa hiyo aliyechukuliwa Aprili 2022 anamaliza baada ya msimu wa 2025. Wa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kumwongezea mwaka wa tano, na uamuzi hutolewa mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wake wa tatu. Ndiyo maana timu hupenda kupanda, yaani kubadilishana zamu ili ichague mapema zaidi, na kuchukua kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) hata kwenye zamu ya 32 kabisa, kama Baltimore Ravens walivyofanya kwa Lamar Jackson mwaka 2018. Angechukuliwa zamu moja tu baadaye, mwaka ule wa tano usingekuwepo.

Sasa toa alama kwa kila nafasi. Weka 3 kama hakuna kabisa wa kuanza. Weka 2 kama yupo lakini mkataba unaisha baada ya msimu unaokuja. Weka 1 kama umri umekwenda au jeraha halijapona. Zilizobaki weka 0.

Watu wengi hapa hukosea kwa kukimbilia zile 3. Katikati ya Machi, wiki tano au sita kabla ya drafti, dirisha la wachezaji huru hufunguka na timu huziba matundu ya mwaka huu kwa wazoefu. Kijana wa chuo huletwa zaidi kuziba tundu la mwakani. Kwa hiyo ukishamaliza ukurasa mwezi Februari, usiuamini. Urudie mwishoni mwa Machi, futa kila 3 iliyopata mtu, kisha uangalie zile 2 zilizosimama. Hizo ndizo zinazostahili jicho lako.

Halafu pima na pesa. Tangu makubaliano ya kazi ya 2011 kati ya ligi na wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya hufuata namba ya zamu yake, si nafasi anayocheza. Wa zamu ya 20 analipwa vile vile awe kwotabeki au mlinzi wa katikati. Kwa hiyo timu hutumia raundi ya kwanza kwenye nafasi ambazo sokoni ni ghali mno: kwotabeki, walinzi wa pembeni wa ukuta wa mbele (wanaomkinga kwotabeki wao), wanaomkimbilia kwotabeki wa wapinzani kutoka pembeni, kona beki (anayemkaba mpokea pasi) na risiva (mpokea pasi). Alama 2 ya risiva ina uzito kuliko alama 3 ya mpiga teke, na usione haya kuliandika hilo kwa kalamu nyekundu.

Tabia ya meneja mkuu

Kocha huonekana zaidi kwenye televisheni, lakini kwenye timu nyingi anayesema neno la mwisho ni meneja mkuu. Tafuta aliingia mwaka gani na uandike zamu zake zote za raundi tatu za kwanza tangu hapo. Za aliyemtangulia ziache.

Chukua Packers. Brian Gutekunst alishika kazi Januari 2018. Raundi zake za kwanza hadi 2023 zilikuwa Jaire Alexander, Rashan Gary, Darnell Savage, Jordan Love, Eric Stokes, Quay Walker, Devonte Wyatt na Lukas Van Ness. Ni wanane, na saba ni wa ulinzi. Mwaka 2024 akamchukua Jordan Morgan wa ukuta wa mbele. Timu yenyewe haikuwa imechukua risiva raundi ya kwanza tangu Javon Walker mwaka 2002. Marisiva wake ilikuwa ikiwatoa raundi ya pili: Jordy Nelson, Randall Cobb, Davante Adams, na chini ya Gutekunst, Christian Watson na Jayden Reed. Mtu aliyetazama historia peke yake aliapa kwamba 2025 nako risiva hatachukuliwa mapema.

Ukurasa wa mikataba ulisema vingine. Watson na Romeo Doubs walidraftiwa wote 2022, maana yake wote walikuwa wakimaliza baada ya msimu wa 2025. Watson aliumia goti vibaya Januari 2025. Safu ya risiva ikawa na 2, 2, na 1 juu yake, kwenye nafasi ambayo soko lake ni ghali. Zamu ya 23 ilipofika wakamtaja Matthew Golden wa chuo cha Texas, kijana aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.29. Mazoea ya miaka 23 yalizidiwa na tarehe mbili za mikataba. Tabia inakusaidia kuchagua kati ya nafasi mbili zenye alama zinazolingana. Zikitofautiana sana, fuata alama.

Pale tabia inapong'ata kweli ni kwenye vipimo. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi vijana hupimwa Indianapolis: mbio za yadi 40, ambazo ni mita 36.6, kuruka juu, kuruka mbele, kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri wawezavyo, pamoja na urefu, uzito na mikono. Mwezi Machi hupimwa tena vyuoni kwao. Andika vipimo vya wachezaji wote wa nafasi unayoitabiri ambao meneja huyo amewahi kuwachukua mapema, kisha chora mstari chini ya mfupi kuliko wote na mwingine chini ya mwenye uzito mdogo kuliko wote. Wa chini ya mistari hiyo usiwatupe, washushe tu. Will Campbell wa chuo cha LSU alipimwa mkono Indianapolis ukawa chini kidogo ya inchi 33, yaani karibu sentimita 83, na wengi wakasema hafai tena kulinda upande wa kushoto. New England Patriots walimchukua zamu ya 4 mwaka 2025 na kumweka huko huko kushoto. (Kwa kugeuza vipimo: inchi ni sentimita 2.54, pauni ni kilo 0.454. Geuza mara moja na uandike zote kwa kipimo kimoja, la sivyo utachanganya.)

Wageni, biashara na kwotabeki

Kila timu inaruhusiwa kuwaalika hadi vijana 30 kwenye makao yake, na majina mengi huvuja. Kwenye raundi ya kwanza ziara haithibitishi mengi: timu humwita mtu ili madaktari wamwangalie tena goti, au ili wenzao waamini wanamtaka. Raundi ya nne kushuka ziara ina uzito zaidi, kwa sababu hakuna anayehangaika kudanganya kuhusu mchezaji wa zamu ya 140.

Biashara ya zamu ina hesabu yake. Jedwali lililotumiwa na Dallas ya kocha Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado linafaa kwa makadirio: zamu ya 1 ni pointi 3000, ya 2 ni 2600, ya 5 ni 1700, ya 10 ni 1300, ya 16 ni 1000, ya 32 ni 590. Zamu ya mwakani hushushwa raundi moja. Ijaribu kwa Jacksonville, waliopanda 2025 kutoka 5 hadi 2 kumfuata Travis Hunter. Tofauti ni pointi 900. Walimpa Cleveland zamu ya 36, yenye pointi 540, na raundi ya kwanza ya 2026, ambayo ukiishusha kuwa raundi ya pili ya katikati ni 420 hivi. Jumla 960, na zamu ndogo ndogo zikasawazisha pande zote mbili. Kabla hujaandika kwamba timu yako itapanda, jumlisha kwanza. Kama haina raundi ya pili na haitaki kugusa ya mwakani, haipandi mbali. Tunashauri biashara moja tu kwa kila utabiri. Ya pili huharibu kila kilichoifuata.

Kwotabeki ndiye anayevunja utabiri kuliko wote. Machi 2024 Atlanta Falcons walimsaini Kirk Cousins kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180, kila mtu akaweka 0 kwenye nafasi hiyo, na Aprili wakamchukua Michael Penix Jr. zamu ya 8. Mwaka huo makwotabeki sita waliondoka ndani ya zamu 12 za kwanza, na hakuna mchezaji wa ulinzi aliyeitwa hadi zamu ya 15. Mwaka uliofuata Shedeur Sanders, aliyetajwa kwa miezi kama wa raundi ya kwanza, alisubiri hadi zamu ya 144. Kanuni tunayoitumia: timu isiyo na kwotabeki aliyethibitika chini ya miaka 30 haipewi 0 kamwe, hata kama imetoka kusaini mzoefu juzi.

Raundi ya 4 hadi ya 7 usijisumbue na majina. Tabiri nafasi na aina ya mwili, basi.

Usiku wenyewe

Drafti huwa mwishoni mwa Aprili, masika yamekolea, na mwezi huo saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma yetu kwa saa 7. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwao, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Ya pili na ya tatu huanza saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Ya nne hadi ya saba ni Jumamosi saa moja jioni, muda mzuri wa kukutana, iwe Njiro au Rau. Chaji simu mapema kwa sababu mvua na umeme huwa havielewani, na uwe na bando la kutosha raundi yote ya kwanza, ambayo huchukua saa kadhaa. Maandishi ya moja kwa moja hula kidogo sana kuliko video.

Mkiwa kikundi, kila mtu apige picha ukurasa wake na kuituma kabla ya saa tisa, asiwepo wa kusema baadaye kwamba naye alimwona. Mpeane alama 1 kwa nafasi sahihi, 2 kwa mchezaji sahihi zamu yoyote ya timu hiyo, 4 kwa mchezaji na zamu yake. Hata wanaolipwa kwa kazi hii hukosa zaidi ya nusu ya raundi ya kwanza, kwa hiyo atakayepata alama 4 mara moja kwa timu yake amefanya kazi nzuri.

Jumapili, kabla majina hayajasahaulika, waandike wote waliochukuliwa kwenye ukurasa mpya na ujaze safu ya nne: mwaka huu, ongeza minne, toa mmoja. Huo ndio msimu wao wa mwisho wa mkataba.