Kabla Geti la Uwanja wa Gofu Halijafungwa kwa Sababu ya Ugonjwa: Mambo ya Kuzingatia

Jioni ile amri ya kukaa nyumbani ilipotangazwa, mwenyekiti wa klabu alinipigia simu. "Bwana msimamizi, si tunafunga geti tu, mambo yakitulia tunaendelea tulipoachia?" Nikamwambia, mwenyekiti, uwanja wa gofu si ukumbi wa harusi. Ukumbi ukiufunga miezi miwili utaukuta na vumbi: unafagia, unapanga viti, kazi imeisha. Grini, ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo la mpira, ukiiacha wiki mbili za joto bila maji na bila kukatwa, huikuti. Unakuta manyasi upande huu na upara upande ule, na kuirudisha ilivyokuwa kunaweza kula msimu mzima.

Kwa hiyo haya ni ya kufanya kabla. Amri ikishatoka umechelewa, maana muuza vipuri naye kafunga, fundi kafungiwa kwake, na nusu ya vijana wako hawajui kama wanaruhusiwa kutoka nje.

Anza na ruhusa. Mwaka 2020, wakati wa korona, viwanja vya Uingereza nzima vilifungwa kuanzia Machi 23, na vya England havikufunguliwa hadi Mei 13. Hizo ni wiki saba, tena majira ya kuchipua, nyasi za huko zinapokua kwa fujo. Kilichowaokoa ni kwamba R&A (wasimamizi wa sheria za gofu) na chama cha watunza viwanja, BIGGA, walitoa mapema mwongozo wa matunzo ya lazima: grini zisizidi kukatwa mara tatu kwa wiki, feawei, yaani njia ndefu ya nyasi inayoelekea grini, isizidi mara moja. Msimamizi akiulizwa na mkubwa yeyote anafanya nini humo ndani, alikuwa na cha kuonyesha. Wewe nawe andika chako kabla hujaulizwa, ukurasa mmoja unatosha. Kisha kila mfanyakazi apewe barua yenye jina lake na saa zake za kazi. Barua inayosema "wafanyakazi wote" haimsaidii mtu aliyesimamishwa barabarani saa kumi na moja alfajiri.

Gawa watu vikosi viwili visivyokutana. Kimoja kikiugua, kingine kinabaki. Kila mtu na mashine yake, na usukani ufutwe kabla haujaguswa na mwingine. Barakoa na kunawa mikono sina la kuongeza.

Ila kuna hili: watu wakipungua, mtu anajikuta peke yake uwanja mzima. Mashine ya kukalia ikipinduka kwenye mteremko hakuna atakayesikia. Weka sheria kwamba miteremko na kingo za mabwawa haziguswi na mtu mmoja, na kila saa lazima apige simu kwa aliye nje. Asipopiga, mtu anaenda. Usimsubiri saa ya pili.

Halafu chukua karatasi, uandike utakachokiacha. Sikukosea, utakachokiacha. Uwanja wa mashimo 18 unaweza kuchukua hekta 50 au 60, lakini grini zake zote ukizijumlisha ni kama hekta moja. Hekta hiyo moja ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo inayochelewa kuliko zote kurudi. Kwa hiyo grini kwanza, tii (pa kupigia mpira wa kwanza) zifuate, feawei ukipata nafasi, rafu (nyasi ndefu za pembeni) isahau. Mabanka, yale mashimo ya mchanga, nayo yasahau, magugu yakiota kwenye mchanga utayang'oa baadaye. Hapa ndipo watu wasafi wanapoharibu. Nimeona msimamizi ana watu watatu tu, na mmoja wao kapewa kazi ya kunyoosha kingo za mabanka ambayo hakuna mtu atakayeyaona, huku grini ya tisa ina madoa ya ukungu kwa siku ya nne.

Kwenye kukata, pandisha visu mapema. Grini iliyozoea milimita 3 ipeleke 5 au 6 taratibu kabla ya kufunga. Jani likirefuka kidogo linajitengenezea chakula zaidi, mizizi inashuka, na nyasi inastahimili siku ambazo hukutokea. Na kila ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani. Hiyo kila mtunza nyasi anaijua na kila mtunza nyasi huisahau siku anayorudi kazini na hasira. Grini ikifika milimita 15 ukaishusha hadi 3 kwa mara moja, umeondoa kijani chote, unabaki na vishina vya njano, na jua linamalizia.

Mbolea ya naitrojeni ipunguze ila usiikate kabisa, kwa sababu nyasi yenye njaa nayo inaugua. Dawa ya kudumaza ukuaji inasaidia sana, lakini kumbuka tabia yake: ikiisha nguvu, nyasi inakua kwa kasi kuliko mwanzo, kana kwamba inalipa deni. Ukiipuliza leo, hakikisha una mtu wa kuipuliza tena kwa wakati. Kama mpuliza dawa wako ni mmoja na akiugua hakuna mwingine, bora usianze. Wenye grini za ukoka wana nafuu kidogo, ule unatambaa na kuziba mapengo wenyewe. Wenye nyasi laini za nchi za baridi hawana msamaha huo.

Sasa maji. Hapa naomba ukae vizuri.

Mabomba ya klabu niliyokuwa nikiisimamia yalizikwa zaidi ya miaka thelathini kabla yangu. Ramani ilikuwepo kwenye droo ya ofisi, nzuri, ya rangi, ila ilichorwa kabla ya kuchimba. Wachimbaji walipokutana na mwamba walizunguka, na mzunguko huo haukuandikwa popote. Ramani ya kweli ilikuwa kichwani mwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Maji. Alijua valvu ipi inafungwa kwa kuzungusha kinyume, ipi ukiikaza sana inakatika, ipi haitumiki tena. Mimi ndiye bosi wake, na kwa miaka yote hiyo nilijiona nina bahati. Chochote kikitokea: "Muulizeni Mzee." Sikuwahi kuandika hata mstari.

Wiki ya pili ya kufungiwa, Mzee akapata homa, akawekwa karantini. Siku tatu baadaye naingia alfajiri nakuta bomba kuu limepasuka, maji yanateremka kwenye feawei kama mto. Nikakimbia kuzima pampu. Haikusaidia kitu, maana tangi letu liko mlimani na maji yanashuka yenyewe. Ilibidi kufunga valvu ya katikati. Iko wapi? Nikampigia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?" Sauti imekauka, anakohoa kila maneno manne.

Nikamweleza. Akasema, "Nenda pale kwenye mti mkubwa, upande wa kushoto. Upe mti mgongo, tazama bendera, hesabu hatua kumi na nne. Iko chini ya nyasi, kina cha kiganja tu."

"Mzee, ule mti tuliukata mwaka juzi."

Akanyamaza. Nikasikia anavuta pumzi. "Basi anzia kwenye kisiki."

Kisiki nilikisaga mwenyewe. Tulikisaga, tukajaza udongo, tukapandikiza nyasi juu, na nakumbuka niliwasifu vijana kwa kazi safi, kwamba hata mwenyewe sioni mti ulikuwa wapi.

Tulikuwa wawili. Tulichukua nondo tukawa tunachoma ardhi, kila hatua mbili tunachoma, tunasikiliza kama imegonga kifuniko. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, tukaipata saa nne kasoro. Tangi lilikuwa limebaki na matope. Kisima chetu kina pampu ndogo, kulijaza tena kulichukua siku nne, na zilikuwa siku nne za jua kali.

Asiyejua grini atauliza, siku nne ni nini? Grini iliyojengwa kitaalamu inakaa juu ya kama sentimita 30 za mchanga, na mchanga huo uliwekwa makusudi ili maji yapite haraka, watu wacheze hata baada ya mvua kubwa. Yaani tumeijenga isishike maji, kisha tukaikata fupi kuliko zulia. Kwenye joto, saa chache zinatosha kuiona inageuka rangi ya bluu iliyofifia, ukikanyaga nyayo hazinyanyuki. Hapo inaomba. Tulifunga pipa kubwa nyuma ya trekta tukamwagilia kwa mpira, grini moja baada ya nyingine, hadi usiku. Maji hayakutosha zote. Tulikaa chini tukachagua. Tatu za juu kilimani, zinazopigwa na upepo, tuliziacha, na zikafa kweli. Klabu ilipofunguliwa watu walichezea grini za muda kwenye mashimo hayo hadi msimu ukaisha, na malalamiko yote yalikuja kwangu. Yalikuwa yangu.

Mzee alipona. Siku aliyorudi hakuingia hata ofisini, alikwenda moja kwa moja kuangalia mahali tulipochimba. Akatazama mashimo ya nondo yalivyotapakaa, akatikisa kichwa. "Nilikwambia hatua kumi na nne. Zangu. Wewe una miguu mirefu."

Basi, kabla ya yote, mchukue huyo mtu wako anayejua maji, mtembee naye uwanja mzima. Kila valvu piga picha, weka alama ya rangi, hifadhi mahali pake kwenye simu kwa kipimo cha setilaiti. Pima kwa mita, si kwa hatua, na anzia kwenye kitu kisichokatwa wala kuhamishwa, kona ya jengo kwa mfano. Kila valvu ifungwe na kufunguliwa siku hiyohiyo, maana iliyokaa miaka bila kuguswa hukwama, na utakuja kuligundua hilo ukiwa umelowa. Watu wawili zaidi wafanye kwa mikono yao wenyewe huku mzee anatazama, kuelezwa hakutoshi. Ufunguo wa chumba cha pampu uwe na nakala. Neno la siri la kompyuta ya umwagiliaji liandikwe na kufungiwa mahali ambapo watatu wanapajua.

Ukimaliza na maji, jiulize nani mwingine kabeba kitu kichwani peke yake. Anayepima dawa za kupuliza na kujua mashine inatoa lita ngapi kwa hekta. Anayejua kuzima kengele ya usiku. Anayejua ile mashine ya zamani inawashwa kwa kugongwa wapi.

Jumba la klabu nalo lina maji, na watu hulisahau kwa sababu halina nyasi. Maji yaliyolala kwenye mabomba yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 ni kitalu cha bakteria wa lejionela, wanaoingia mapafuni kwa matone madogo yanayorushwa na bafu. Kila wiki mtu apite afungue kila bomba na kila bafu maji yaende, taratibu bila kurusha matone, naye akae mbali na matone hayo. Itakuwa aibu kuwakinga watu na ugonjwa mmoja wa mapafu kisha kuwapa mwingine bafuni.

Mashine: petroli inachacha, usiiache kwenye injini miezi. Betri za vigari zichajiwe, zikikaa tupu zinakufa. Visu vya akiba viwepo. Panya wanapenda waya, kwa hiyo fungua boneti uangalie kabla ya kuwasha.

Halafu kuna wapita njia. Watu wakifungiwa wanatafuta pa kunyoosha miguu, na uwanja mtupu wa kijani unawaita. Watakuja na mbwa, na baiskeli, na watoto watakaochimba mabanka. Kibao cha "Hakuna Kuingia" peke yake hakimzuii mtu aliyechoshwa na kuta nne. Kinachosaidia ni kumwonyesha pa kupita, ukamzungushia kamba grini tu. Siku za kupuliza dawa weka onyo pande zote. Bendera ziondoe, bendera inakaribisha mchezaji wa kuruka uzio.

Mwenyekiti atataka tarehe ya kufungua. Mpe tarehe ya nyasi. Visu vishuke nusu milimita kwa nusu milimita, usimkubalie anayetaka grini za mashindano siku ya kwanza. Reki za mabanka ziondolewe, kikombe cha shimo kiinuliwe ili mpira usizame na watu wasiguse bendera, na wachezaji wapishane kwa muda wa kutosha pale tii ya kwanza.

Usiagize mbolea kwa mkopo wakati hujui mapato yataanza lini. Usimwahidi kijana mshahara ambao bodi haijaupitisha. Dawa zifungiwe, maana chumba kisichoingiwa na watu wengi huingiwa na wachache. Na ukienda kukagua zile valvu baada ya miezi ya ukimya, gonga kifuniko kwa fimbo kwanza, usubiri kidogo, ndipo uinue. Nyigu hupenda sana vile visanduku.