Jinsi ya Kuanzisha Mfuko wa Ruzuku Ndogo kwa Wasanii Chipukizi

Msanii anayeanza mara nyingi hukwamishwa na kitu kidogo: turubai na rangi za kukamilisha picha zake za maonyesho, kodi ya ukumbi wa mazoezi kwa wiki mbili, au gharama ya kuchapa nakala za kwanza za kijitabu cha mashairi. Wafadhili wakubwa kwa kawaida hawashughuliki na kiasi kidogo namna hiyo, na hata wakishughulika huuliza orodha ya kazi zilizotangulia, ambayo chipukizi bado hana. Pengo hilo linaweza kuzibwa na mfuko unaochangiwa na wanajamii wenyewe, ili mradi waanzilishi wakubali tangu mwanzo kwamba fedha kidogo zinataka utaratibu mwepesi.

Jambo la kwanza ni kuamua fedha zitatoka wapi, na hapa ipo mifano miwili ya kujifunzia. Awesome Foundation, iliyoanzia Boston, Marekani, mwaka 2009, ilikuwa na mpango wa wadhamini 10 ambao kila mmoja hutoa dola 100 kwa mwezi, na dola 1,000 zinazopatikana hupewa mradi mmoja. Mfano wa pili ni chakula cha pamoja. Kundi la InCUBATE la Chicago lilianza mwaka 2007 kuandaa mlo wa supu ambao mapato yake yalikwenda kwa mradi wa ubunifu uliochaguliwa na walaji wenyewe. Detroit SOUP, iliyoanza mwaka 2010, ilifuata njia hiyohiyo: mtu alitoa dola 5 mlangoni akapata chakula na kura moja, akawasikiliza waombaji wanne, kila mmoja akiwa na dakika nne za kueleza na maswali manne ya kujibu, na mshindi akaondoka na fedha za mlangoni usiku uleule.

Njia ya wadhamini ina faida ya uhakika, kwa kuwa kiasi kinajulikana mapema. Njia ya mlo huleta watu wapya na kumpa msanii hadhira. Kwa maoni yangu, ni salama zaidi kuanza na wachangiaji wachache wa kudumu, kisha kuandaa mkutano wa hadhara mara moja au mbili kwa mwaka. Vyovyote mtakavyoamua, msitangaze ruzuku ambayo fedha zake hazijaingia katika akaunti, kwa sababu ahadi ya mchango si mchango.

Fomu ya maombi ndiyo sehemu inayostahili kufikiriwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Chukulieni kwamba watu 30 wanaomba ruzuku moja, na kila mmoja anatumia siku mbili kuandika maombi: hizo ni siku 60 za kazi zilizotolewa na wasanii wasio na fedha, na 29 kati yao hawatapata chochote. Ikiwa ruzuku yenyewe inatosha kumlipa mtu kwa siku 10 tu, basi mfuko umewagharimu wasanii kuliko ulivyowasaidia. Kwa hiyo ukurasa mmoja unatosha, wenye maswali manne: unataka kufanya nini, kwa nini sasa, fedha zitanunua nini, na kazi itaonekana lini na wapi. Ruhusuni pia majibu ya sauti iliyorekodiwa kwa simu, kwani mpiga ngoma hodari si lazima awe mwandishi hodari. Barua za mapendekezo msiziombe. Picha mbili au dakika mbili za kazi yenyewe zinaeleza zaidi.

Elezeni vilevile nani ni chipukizi. Kigezo cha umri hakifai, kwa kuwa mtu anaweza kuanza uchongaji akiwa na miaka 50. Afadhali kusema kwamba mwombaji awe hajawahi kupata ruzuku kubwa wala kufanya maonyesho ya peke yake.

Katika uchaguzi, kura ya wazi ina udhaifu wake: mwenye marafiki wengi na mwenye ulimi mwepesi humshinda mwenye kazi bora. Dawa yake ni kamati ndogo, ikiwa na angalau msanii mmoja, ichuje maombi hadi manne au matano, kisha wachangiaji wapige kura baada ya kuwasikiliza wote. Mjumbe mwenye undugu au ubia na mwombaji ajitoe katika uamuzi huo, na jambo hilo liandikwe. Mwenye mchango mkubwa naye awe na kura moja kama wengine.

Aliyechaguliwa alipwe fedha zote mapema, ndani ya wiki moja ikiwezekana. Kumwambia atumie kwanza kisha alete risiti arudishiwe ni kumfungia mlango yule asiye na akiba, ambaye mfuko ulianzishwa kwa ajili yake. Makubaliano ya nusu ukurasa yaseme wazi kwamba hakimiliki inabaki kwake, na kwamba baada ya kazi ataleta aya moja na picha chache. Mpango ukibadilika njiani, atoe taarifa tu. Sanaa mara nyingi hugeuka ikiwa mikononi mwa mtengenezaji.

Waliokosa nao wajibiwe wote, kila mmoja kwa sentensi mbili tatu za sababu za kweli, na waruhusiwe kuomba tena. Kazi hii inachosha, lakini kwa wengi hayo yatakuwa maoni ya kwanza kuyapata kutoka kwa mtu asiye ndugu wala rafiki.

Kuhusu hesabu, akaunti iwe na watia saini wawili, mweka hazina asiwe mpiga kura, na mapato na matumizi yatangazwe kwa wachangiaji baada ya kila awamu. Ulizeni mapema sheria za mahali penu kuhusu kukusanya michango ya umma, na kama ruzuku huhesabiwa kuwa kipato kinachotozwa kodi, ili msanii asije kushtukizwa baadaye. Andikeni pia, kabla ya kupokea mchango wa kwanza, salio litakwenda wapi iwapo mfuko utafungwa.