Ushapata CPL (leseni ya rubani wa biashara)? Andika maombi ya kazi hivi

Assalaam aleikum. Mie narusha ndege ndogo aina ya Caravan baina ya Unguja na Pemba, na ofisini kwetu maombi ya marubani wapya yakija rubani mkuu hunipa mimi niyapitie mwanzo. Kuna vijana wa kwetu wazazi wao wameuza mpaka shamba la mikarafuu kuwasomesha, halafu maombi yao yanawekwa pembeni kwa makosa ya kurekebisha jioni moja tu. Linaniuma hilo, ndo maana naandika.

Hatua ya 1: Jumlisha logibuku (daftari la masaa yako ya kuruka) upya
Kaa na kalkuleta, ukurasa kwa ukurasa. Toa jumla ya masaa yote, yale uliyokuwa kapteni mwenyewe, ya injini mbili, ya usiku, ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila ya kutizama nje, na ya siku 90 za mwisho. Simuleta ipe mstari wake, usiichanganye na masaa ya hewani. CPL inataka masaa 200, au 150 kwa kozi ya moja kwa moja iliyoidhinishwa, kwa hiyo nyote mnakuja na namba za karibu karibu na hapana anaekutarajia uwe na 800, tunachotizama ni kama namba ya kwenye sivii ndo hiyo hiyo ya kwenye logibuku. Mie maombi yangu ya mwanzo niliandika 231, logibuku inasema 213, tarakimu ziligeuka tu, kwenye intavyuu wakaniuliza ipi ya kweli nikababaika, kazi nikaikosa. Na walikuwa na haki, maana kesho mtu huyo huyo ndo atapiga hesabu ya mafuta na uzito wa abiria.

Hatua ya 2: Jua unamuandikia nani
Precision Air wanarusha ATR, Air Tanzania wana Dash 8, Airbus A220 na Boeing, sisi wa safari za visiwani wengi wetu ni Caravan, injini moja. Ukituandikia kwamba ndoto yako ni Boeing 787 tunakuelewa wallahi, lakini tunaona utaondoka hata hatujamaliza kukutreni. Zungumzia kazi yenyewe: safari ya nusu saa, kuruka na kutua mara nyingi kwa siku, kupima mizigo, mvua za masika, bibi anaepanda ndege mara ya kwanza na anashika tasbihi njia nzima. Kama skuli ulitua sana kwenye upepo wa ubavuni au viwanja vifupi, hilo ndo la kuandika. Barua ukurasa mmoja, na aya ya mwanzo iseme leseni yako, masaa yako, na lini unaweza kuanza. Ile sentensi ya "tangu utotoni napenda ndege" itoe, sote tunazipenda.

Hatua ya 3: Makaratasi
Medikali (cheti cha afya) daraja la 1 ni miezi 12, andika tarehe inapomalizika. Mtihani wa Kiingereza cha marubani ukiwa levo 4 unarudia kila miaka 3, nayo andika. Ulosoma Afrika Kusini au kwengine, leseni inabadilishwa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania), hata huku Zanzibar ni hao hao, na kama bado sema umefikia hatua gani hasa.

Hatua ya 4: Ulifeli mtihani wa kuruka? Sema
Mistari miwili yatosha: ulifeli nini, ulifanya mazoezi gani, ulipasi lini. Waalimu wanajuana na simu hupigwa, bora tusikie kwako mwanzo. Mie mtu aliefeli akaeleza vizuri namwita.

Hatua ya 5: Tuma
Faili moja la PDF, lipe jina lako na masaa yako. Ukiongeza masaa, tuma sivii mpya, usingoje uulizwe. Na kama uko Unguja njoo uwanja wa ndege Kisauni mwenyewe, mchana ndege zikipungua, na logibuku yenyewe mkononi, sio kopi.