Namna ya kupiga "Harvest Moon" kwa gitaa kavu

Anayetaka kuupiga wimbo huu wa mapenzi wa Neil Young, uliotoka mwaka 1992, aanze kwa kulegeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kutoka noti ya E hadi D, mpaka ulingane na uzi wa nne kwa oktava moja chini, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi. Kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam nyuzi za chuma hushika kutu upesi, na uzi wenye kutu hautulii kwenye sauti yake. Ni heri kununua seti mpya kabla ya kulilaumu gitaa.

Utamu wote umo kwenye kodi ya D, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Weka vidole vitatu kwenye freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 2 ya nyuzi tatu nyembamba, kila kidole na uzi wake, uache uzi wa nne wazi: hiyo ni Dmaj7. Inua kidole cha uzi wa pili peke yake, nayo inakuwa D6. Kupishana kwa kodi hizo mbili ndiko kunakoubembeleza wimbo. Beti huanzia Em7, ambapo E ya chini sasa ipo freti ya 2 kwa sababu uzi umelegezwa, na kiitikio hutulia kwenye A7sus4.

Wapiga solo waliolelewa na muziki wa dansi, waliozoea kusubiri sebene, watatamani kuzijaza nafasi zilizo wazi. Wasizijaze. Young mwenyewe aliugeukia upole huu baada ya makelele ya ziara yake ya 1991 kumwachia mvumo masikioni.

Badala ya ngoma nzito, rekodi ina mchakacho wa ufagio. Ufagio wa chelewa hukwaruza mno; chukua ule laini wa ndani, usugue sakafu ya saruji, mbele na nyuma, ukifuata mapigo, kwa kuwa kwenye vigae huteleza bila kusikika. Muitikiaji abaki nyuma ya mwimbaji, kama alivyofanya mwimbaji Linda Ronstadt kwenye rekodi hiyo.

Mwenye sauti nzito asilazimishe kupanda alikopanda Young. Asikilize kwanza Cassandra Wilson, mwimbaji wa jazi aliyeurekodi mwaka 1995 kwa sauti ya chini na mwendo wa taratibu zaidi, kisha ateremshe nyuzi zote sita kwa kiasi kilekile hadi koo lake liridhike. Vidole vitabaki palepale.