Mbwa wako anakujua sura kweli? Mpime hivi

Wiki iliyopita nimerudi na boda, helmeti kichwani na koti la mvua juu, mbwa wangu niliyemlea tangu anatosha kiganjani akanibwekea getini utadhani mwizi. Nikavua tu helmeti, masikio yakalala, mkia ukaanza kugonga bati la geti pa pa pa. Nikajiuliza, hivi hawa wanatujua sura au ni harufu tu?

Ukitaka kujua kwa wako, tafuta mtu ambaye mbwa hana shida naye, mnaolingana urefu kidogo, na mwingine amshike mbwa kamba. Fanyeni mchana, mwanga wa kutosha, hatua tano sita tu, maana jicho la mbwa halinasi vitu vidogo vidogo kama letu. Kikubwa ni upepo, utoke kwa mbwa uje kwenu, la sivyo pua itamaliza kazi kabla ya macho. Vaeni nguo asizozizoea, muwe mmeshasimama ndo aletwe, msimwite, msitembee, mwendo wako anaujua. Aachiwe muone anaenda kwa nani. Mara moja inaweza kuwa bahati, rudieni mara nyingi mkibadilishana upande, halafu jifunikeni nyuso kwa kanga mrudie tena. Wangu kwenye kanga alisimama katikati mguu mmoja juu, akaangalia huku akaangalia kule, mwisho akaanza kunusa hewa.

Akikosea usimkasirikie. Kule Vienna mwaka 2015 watafiti walifundisha mbwa kutofautisha picha za uso wa furaha na wa hasira, wakionyeshwa nusu uso tu, na wakaweza hata kwa sura ngeni kabisa. Ila Budapest mwaka 2020 waliwapiga picha za ubongo mbwa 20, wakakuta ubongo haubagui uso na kisogo, unachobagua ni mbwa mwenzie na binadamu. Yaani uso anausoma, ila anakujua wewe mzima, sauti, harufu, mwendo, umbo.

Kwa hiyo ukija na helmeti au kofia kubwa ongea ukiwa bado nje ya geti, vua, ndo uingie. Na watoto tafadhali wasimsogelee uso kwa uso wakimkodolea macho hata kama ni wa hapo hapo nyumbani, mbwa wengi kukodolewa wanaona ni ugomvi, waambie wakae ubavuni, wamwite jina, wasubiri aje mwenyewe.